Mota ya Orpha Iliponyamaza

Pale Kashikishi, kwenye ufukwe wa ziwa, hakuna aliyehitaji kugeuza shingo ili ajue bwato la Banza linaingia. Lilikuwa bwato dogo la mbao lenye tanga, alilolijenga kwa mikono yake mwaka wa pili baada ya kukimbia Pweto, upande wa Kongo, na kuvuka kuja Zambia. Nyuma yake palifungwa mota kuukuu ya nguvu za farasi nane. Upepo ulipokuwepo, tanga lilifanya kazi na mota ikalala. Upepo ukikatika, Banza alivuta kamba, na tangu hapo mazungumzo yote ndani ya bwato yakafa. Wanawake waliokwenda kisiwa cha Kilwa, humo humo ziwani, kununua samaki wakavu walishuka wameshika vichwa, wakipayuka hata walipokuwa wamekaribiana pua kwa pua. Wavuvi walimtania kwamba samaki wakimsikia wanahamia Kongo. Banza alicheka tu. Kwake yeye mota inayopiga kelele ilikuwa mota yenye afya.

Halafu akavunjika bega. Alikuwa akiipandisha mota ufukweni peke yake, akateleza kwenye utelezi wa magamba, ikamwangukia. Mfupa uliunga vibaya, na mkono wa kulia haukupanda tena kupita kifua. Orpha, mke wake, akashika usukani. Alikuwa amekulia majini kule Pweto, kati ya kaka zake wavuvi, na haikuchukua wiki mbili watu wakaanza kusema kwamba mama Djo, kama walivyomwita, anausoma upepo kuliko bwana yake. Walisema mbele ya Banza, bila ubaya wowote, na yeye alitikisa kichwa akikubali. Maneno yenyewe aliyameza kama mwiba wa samaki.

Kwa miezi saba alikaa mlangoni pa chumba walichopanga, mwendo wa hatua mia mbili kutoka majini, akisikiliza. Alijua mota yake kama mama anavyojua kilio cha mwanawe. Ilipoanza kusikika mbali, nyuma ya rasi ya matete, alisema moyoni: sasa yuko pale. Ikikaribia, alijua bado muda gani. Ikinyamaza wakati hakuna upepo, alisimama.

"Leo mulisimama ku matete," angemwambia Orpha jioni, wakati wa kula bukari, ugali wa kwao. "Juu ya nini?"

"Wavu ya mutu ilijifunga ku mota."

"Wavu ya nani?"

Orpha angetaja jina, na kesho yake Banza angepita kwa huyo mtu, kama anayepita tu, aulize habari za wavu. Siku zote ilikuwa kweli. Jambo hilo halikumtuliza; lilimfanya asubiri siku ambayo haitakuwa kweli. Mwenyewe aliita hiyo kumjali mke.

Mwezi wa tatu Orpha alimwambia kwamba kelele za mota zimemshinda. "Hii mota inanikula kichwa, baba Djo. Hakuna namna ya kuipunguza?"

"Mota haiko mutoto," Banza alijibu. "Haibembelezwe."

Orpha hakurudia. Naye Banza akadhani habari hiyo imeisha.

Asubuhi moja, alipokuwa akishuka kununua mafuta ya taa, aliona watu wawili wameinama nyuma ya bwato lake. Mmoja alikuwa Orpha. Wa pili alikuwa Kabaso, fundi mwenye banda la kutengeneza mota kando ya barabara ya Nchelenge, mwanamume mrefu asiye na haraka, aliyefanya kazi miaka kumi kwenye karakana za migodi kule Copperbelt. Walikuwa wanaongea Kibemba. Orpha alikuwa amekijua Kibemba kama aliyezaliwa nacho, wakati Banza, baada ya miaka yote hiyo, alikuwa na kile cha kununulia chumvi tu. Kabaso alisema kitu. Orpha akageuza uso pembeni, akasogeza kichwa karibu kabisa na kinywa cha yule mwanamume, karibu mno, kisha akacheka.

Banza aliyasahau mafuta ya taa, akashuka moja kwa moja hadi kwenye bwato.

"Mwapoleni, bashi Djo," Kabaso alimsalimu kwa Kibemba alipomwona, akanyooka. "Tunaangalia mota yenu."

"Inaangaliwa juu ya nini? Haijakufa."

"Haijakufa," Orpha alisema. "Iko na makelele. Nilikuambia, ukakataa. Bon, nimetafuta mutu."

Kabaso aligonga ubao wa nyuma ya bwato kwa kifundo cha kidole. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, lakini alijua anachosema. "Makelele haitoke ku mota tu. Inatoka humu. Mulikaza chuma juu ya mbao, hakuna kitu katikati. Mota ikitetemeka, mbao inatetemeka, bwato yote inakuwa ngoma. Na propela imekatika kidogo, inazunguka vibaya. Na hii kofia ya mota, vis zake, hizi skrubu, zimelegea."

Alisema kwa upole, kama mtu anayeeleza hali ya hewa, na upole huo ndio uliomuudhi Banza zaidi. Bwato lile alilijenga yeye. Aliinama juu ya kila ubao wake. Na sasa mtu amelipitishia macho mara moja tu, akaliita ngoma mbele ya mke wake, na ubaya ni kwamba alikuwa amesema kweli.

"Fanyeni," Banza alisema. "Miye nani nikatae?"

Kazi ilichukua siku tatu. Kabaso alikata vipande vinene vya mpira kutoka kwenye tairi la lori, akaviweka mbele na nyuma ya ubao, pale ambapo vyuma vya mota huuma, ili chuma kisiguse mbao. Alifungua kofia ya mota, akaibandika ndani zulia zito la mpira lililotoka kwenye gari bovu, akiacha wazi tundu la kupitishia hewa ili injini isikose pumzi. Aliinyoosha propela na kuipiga msasa. Alifunga kamba ya usalama kutoka kwenye mota hadi kwenye pete ya bwato. Banza alikaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa akiangalia, na kila mara alipoona kosa linakaribia, halikufika.

Siku ya nne walijaribu. Orpha alivuta kamba, na mota ikaanza kunguruma chini chini kama cherehani iliyo chumba cha pili. Wanawake waliokuwa wakianika samaki waliacha kazi wakatazama. Emilienne, jirani yao, mchuuzi wa samaki aliyesafiri na bwato lile kila wiki, alipiga makofi. "Sasa tutaongea mupaka Kilwa," alisema. Bwato likasogea, likapita mitumbwi mingine, likafika kwenye maji mapana. Banza alitega sikio. Kabla halijafika hata nusu ya njia ya rasi ya matete, alisikia mawimbi tu na watu wa sokoni.

Ziwa lilikuwa limemmeza mke wake.

Tangu siku hiyo hakupata amani. Bwato liliingia yeye akiwa ndani anakunja nguo, akiwa msalani, akiwa amesinzia. Mara mbili Orpha alimkuta kitini mwake akiangalia upande wa ziwa, wakati bwato lilishafungwa zamani na abiria wameshatawanyika. Mara mbili Kabaso naye alipanda, akisema anataka kusikiliza kama mipira inashika. Na kulikuwa na jambo jingine. Banza, akiwa mlangoni, alimwita Orpha aliyekuwa anapita na ndoo, naye akapita moja kwa moja bila hata kugeuka. Alimwita tena siku nyingine kanisani, katikati ya watu, akampa kisogo vilevile. Mwanamke aliyekuwa akimwitikia kabla hajamaliza jina.

Akaanza kupanga mambo kama mtu anayepanga matofali. Haitiki. Anacheka Kibemba. Anasogeza uso kwa yule mwanamume. Na amenyamazisha mota. Mtu ananyamazisha mota ya nini, kama hana anachotaka kisisikike?

Alimuuliza Emilienne, kwa sauti ya mchezo. "Siku hizi safari namna gani?"

"Muzuri sana. Tunaongea, tunaimba. Mama Djo anacheka mupaka anashika tumbo."

"Anacheka na nani?"

Emilienne alimtazama. "Na siye wote, baba Djo. Bwato iko ndogo."

Banza alikwenda zake na lile neno "nani", na jibu akaliacha pale pale.

Jumapili alasiri Orpha alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Ufukwe ulikuwa mtupu, isipokuwa bata wawili na mzee aliyelala ndani ya mtumbwi wake. Banza alishuka na spana mfukoni. Alilegeza vyuma vya mota, akaiegemeza mota kwenye paja, akachomoa mipira yote minne, mmoja baada ya mwingine. Ilikuwa imeanza kushika umbo la chuma. Akakaza tena. Mkono wa kulia haukuwa na nguvu, kwa hiyo alikaza kwa wa kushoto, hadi alipoona panatosha. Hakutaka jambo lolote baya. Alitaka tu kusikia. Alijiambia hivyo njia nzima ya kurudi, mipira ikiwa imefungwa ndani ya shati.

Jumatatu mota ilipiga kelele kama zamani. Banza aliisikiliza ikienda, ikipita rasi ya matete, ikififia taratibu, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi chai ikampitia vizuri. Alikula hata na mihogo iliyobaki jana.

Saa tisa alasiri aliisikia inarudi. Upepo ulikuwa kidogo sana. Mota ilikuwa bado mbali, ngoma ile ile, na Banza alikuwa ameanza kuhesabu ilipo, wakati sauti ilipopanda ghafla, juu, juu zaidi, kama mota inayozungushwa hewani bila maji. Kisha ikakatika.

Mtu mwingine angesema petroli imekwisha. Lakini yeye alikuwa fundi wa mota zake mwenyewe miaka ishirini, na alijua mlio wa mota inayong'oka kwenye ubao. Alisimama hata kiti kikaanguka.

Alikimbia ufukweni. Mabwato yenye mota yalikuwa yametoka yote. Akapanda barabarani, akakimbia mkono ameufunga tumboni, mpaka kwenye banda la Kabaso. Njia nzima alikuwa na hakika kwamba atalikuta banda limefungwa, na kwamba Kabaso yuko kule majini na Orpha. Lakini Kabaso alikuwapo, amekaa kwenye kigoda, akisafisha kabureta kwa mswaki.

"Mota imeanguka mu maji," Banza alisema. "Mama Djo iko ndani ya bwato."

Kabaso aliweka mswaki chini. "Haiwezi. Nilikaza miye mwenyewe."

Banza alitafuta uongo, lakini mdomo haukuwa nao. "Nilitoa mipira. Jana."

Kabaso aliangalia bega lake. "Ulikaza na mukono gani?"

"Ya kushoto."

Hakuuliza sababu. Alichukua galoni la petroli na kamba, akaufungua mtumbwi wa mota wa mjomba wake uliokuwa nyuma ya banda, kwenye mfereji wa matete, na wakatoka wawili.

Walilikuta bwato likija polepole, tanga limelegea likipokea kaupepo kalikokuwepo. Lilikuwa limejaa watu na mabunda ya samaki, na mota ilikuwa imelazwa katikati yao ikivuja maji. Kamba ya usalama ndiyo iliyoizuia isizame. Orpha alikuwa kwenye usukani, mkono mmoja umefungwa kitenge chenye damu. Walimkaribia kwa upande wake wa kushoto.

"Mama Djo," Banza aliita.

Orpha aliangalia mbele.

"Mama Djo. Orpha."

Hakugeuka. Hata sasa, Banza alifikiri, hata mbele ya watu. Lakini Emilienne aliinama akamgusa Orpha begani, naye akashtuka, akazungusha kichwa chote, akawaona.

"Mumuite upande ya kulia," Emilienne aliwaambia. "Kushoto hasikie."

"Hasikie namna gani?" Banza aliuliza.

"Baba Djo, haujue? Ile sikio imekufa. Tangu mwezi ya pili anasikia mulio tu ndani, kama nzige. Anakaa karibu na ile mota yako kila siku, sikio ya kushoto juu yake."

Banza alishika ukingo wa mtumbwi. Aliona vitu vyote tena, kimoja kimoja: ndoo, kanisani, uso unaogeuzwa ili sikio zima lielekee kinywani pa mtu anayesema. Matofali yote aliyoyapanga yalikuwa yake, na ndani ya ile nyumba hapakuwa na mtu.

Ufukweni, Orpha alifunguliwa kitenge. Mota iliporuka ilikuwa imempiga juu ya kifundo cha mkono. Ngozi ilichanika na vidole viwili vilivimba, lakini viliweza kukunjika. Abiria walikuwa bado wanashusha mizigo. Alikaa juu ya bunda la samaki na kusema, kama anayejisemesha, "Ni makosa yangu. Asubuhi sikuangalia vis. Niliona makelele imerudi, nikasema mipira imelegea, nitamuambia Kabaso kesho. Watu kumi na moja. Ningeua watu."

Kabaso aliangalia maji. Aliliacha neno kwa mwenyewe.

Banza alipiga magoti mchangani mbele ya mke wake. "Haiko makosa yako. Ni yangu miye."

Orpha alikunja uso. "Unasema nini? Njoo huku." Akageuza kichwa, akampa sikio la kulia. "Sema tena."

Kulisema mara ya pili kulikuwa kugumu kuliko mara ya kwanza, kwa sababu sasa ilibidi apaze sauti, na wanawake waliokuwa wakishusha mabunda walinyamaza. "Nilitoa mipira miye. Nilitaka nisikie kule uko. Nilikuwa na wivu."

"Wivu ya nani?"

Banza hakutaja jina, lakini macho yake yalikwenda. Orpha aliyafuata mpaka kwa Kabaso, kisha akamtazama Banza tena. Hakupiga kelele. Alinyanyuka, akamwomba Emilienne amshike mkono, wakaenda zao kutafuta mtu wa kumshona. Kesho yake alipanda gari la kwenda Mantapala, kwa dada yake aliyebaki kwenye makazi ya wakimbizi na shamba lake la mihogo, na hakuacha salamu.

Mota iliyokunywa maji haingoji. Jioni ile ile, Kabaso na Banza waliifungua bandani: wakatoa plagi, wakaipindua maji yatoke, wakaisuuza kwa maji safi, kisha petroli, kisha oili. Banza alishika taa na kupitisha spana. Walipofika kwenye oili, Kabaso akaanza kuongea.

"Ku mugodi, watu mingi nilifanya nao kazi wamekuwa viziwi," alisema. "Mama Djo alinieleza ule mulio, nikajua. Aliniomba nisikuambie. Alisema, bwana yangu alijenga ile bwato, atazani ninaisema vibaya. Tutengeneze kwanza, atasikia mwenyewe iko muzuri."

Banza aliinamisha taa. Kwa hiyo kweli kulikuwa na siri kati yao, na siri yenyewe ilikuwa kumlinda yeye. Angepaswa kupoa. Badala yake alichomwa upya: mwanamume mwingine aliambiwa maumivu ya mke wake kabla yake. Ila safari hii aligeuka akatafuta aliyemfunga mke wake mdomo, akajiona mwenyewe mwezi wa tatu, mbele ya sahani ya bukari, akisema mota haiko mutoto.

Siku ya tisa alikwenda Mantapala. Orpha alikuwa ameketi na dada yake wakimenya mihogo, yeye akitumia vidole vitatu. Banza alikaa upande wake wa kulia.

"Mota imepona," alisema. "Mipira nimeirudisha. Kabaso alikaza, miye nilishika tu."

"Bwato itakuwa kwangu," Orpha alisema. "Hautaniuliza nilisimama wapi. Hautauliza watu. Ukitaka kujua kitu, unaniuliza miye, na ukiisha kujibiwa, unaamini."

"Ndiyo."

"Na wivu yako?"

"Iko," alisema. "Siwezi kukudanganya. Iko bado."

Orpha aliendelea kumenya muhogo mpaka mwisho, akautupa kwenye beseni. "Bon," alisema. "Angalau umeisema."

Alirudi wiki iliyofuata. Walikwenda pamoja hospitalini Nchelenge, ambako muuguzi alichungulia masikio yote mawili akasema la kushoto halitarudi, lakini la kulia ni zima, na litabaki hivyo likilindwa. Kabaso aliposikia, alileta vifuniko vya masikio alivyokuwa akivaa mgodini, vyekundu, vimechakaa kwenye mkanda. Orpha alivivaa pale pale ufukweni, na wanawake wakamcheka, wakisema amekuwa rubani.

Banza alitazama vile vifuniko kichwani mwa mke wake na akatamani viwe vimetoka kwake. Alikaa na tamaa hiyo kidogo. Kisha akamgeukia Kabaso na kumshukuru kwa Kibemba, "Natotela, mukwai," matamshi yakiwa ya mtu wa Pweto kabisa, akashika bunda la chumvi kwa mkono wa kushoto na kulipakia, kwa sababu abiria walikuwa tisa na upepo wa asubuhi ulikuwa umeshaanza.